Kuhifadhi joto na baridi kwa maada zinazobadili hali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, wavuvi, mafundi wa majokofu na sola, wanafunzi, na yeyote anayefikiria kununua kifaa kinachohifadhi joto au baridi. Vipimo vyote vya joto vilivyotajwa ni vya Selsiasi.

Maada zinazobadili hali ni kitu gani?

Ni maada zinazochaguliwa makusudi ili zimeze joto zinapoyeyuka na kulitoa zinapoganda, kwenye nyuzi ile ile ambayo mtumiaji anaihitaji. Mkazi wa pwani anaijua mojawapo tangu utotoni, ingawa haiiti kwa jina hilo. Mafuta ya nazi yaliyomo kwenye chupa hukaa kimiminika karibu mwaka mzima kule Tanga au Unguja, lakini chupa hiyo hiyo ikipelekwa Njombe au Limuru mwezi wa Julai huamka asubuhi imeganda na kuwa nyeupe kama samli. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 25, na kila yanapovuka mpaka huo humeza joto au hulitoa. Mhandisi anachofanya ni kutafuta maada ambayo mpaka wake uko mahali anapotaka yeye, kuifungia kwenye chombo kisichovuja, na kuiacha iyeyuke na kuganda maelfu ya mara. Kwenye vifungashio na katalogi maada hizi huandikwa kwa herufi PCM.

Joto fiche ni joto gani, na limejificha wapi?

Ukiweka sufuria ya barafu inayoyeyuka juu ya jiko na kuikoroga, kipimajoto kitabaki kwenye nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe, hata kama moto unawaka muda wote. Joto linaingia, ila halionekani kwenye kipimajoto kwa sababu kazi yake ni kulegeza mshikamano wa molekuli ili yabisi iwe kimiminika. Mskoti Joseph Black ndiye aliyelipima na kulieleza jambo hili akiwa Chuo Kikuu cha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760. Kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke yote, na joto hilo hilo lingeweza kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Maji yakigandishwa upya, kilojuli hizo zote hutoka tena. Joto halipotei wala halizalishwi, linawekwa na kuchukuliwa.

Kwa nini nisitumie maji ya moto, mawe au zege, vitu ambavyo ni rahisi kupatikana?

Mara nyingi unapaswa kuvitumia hivyo hivyo. Tofauti hujitokeza pale ambapo joto linaruhusiwa kupanda na kushuka kidogo tu. Tuseme unataka kuhifadhi kilojuli 200 na huruhusiwi kupita tofauti ya nyuzi 10. Utahitaji zege la zaidi ya kilo 20, au maji ya karibu kilo 5, au nta ya parafini ya takriban kilo 1 ikiwa nta hiyo inayeyuka ndani ya nyuzi hizo 10. Kama kifaa kinabebwa mgongoni, au kama kitu kinachotunzwa huharibika kwa kupanda nyuzi chache, nta hiyo inastahili bei yake. Kama una uwanja mkubwa na pipa la lita 1,000, maji yanatosha na hayahitaji kuagizwa kutoka nje.

Ni maada zipi hasa zinazotumika?

Ya kwanza ni maji yenyewe, na nasisitiza hili kwa sababu wauzaji hulisahau: kwa kazi za nyuzi 0, hakuna maada ya bei nafuu, salama na yenye joto fiche kubwa inayoyakaribia. Maji yakichanganywa na chumvi ya mezani kwa kipimo cha karibu asilimia 23 huganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 21 chini ya sifuri, na mchanganyiko wa namna hiyo hufungiwa kwenye bamba za chuma ili kutunza vyakula vilivyogandishwa safarini.

Zinafuata nta za parafini, ambazo uzuri wake ni kwamba urefu wa mnyororo wa molekuli ndio unaoamua nyuzi ya kuyeyuka. Nta yenye atomu 14 za kaboni huyeyuka karibu na nyuzi 6, na yenye atomu 18 karibu na nyuzi 28, kila moja ikiwa na kilojuli 200 na ushei kwa kilo. Asidi za mafuta, zikiwemo zinazotokana na nazi na mawese, hufanya kazi kwa namna inayofanana: asidi ya lauriki huyeyuka karibu na nyuzi 44 na asidi ya kapriki karibu na nyuzi 32. Kundi jingine ni chumvi zinazobeba maji ndani ya fuwele zake, kama vile kloridi ya kalisi yenye maji, inayoyeyuka karibu na nyuzi 29, na asetati ya sodiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 58. Chumvi hizi hubeba joto jingi katika ujazo mdogo kuliko nta, na hazishiki moto, ila zina tabia ngumu nitakazozieleza mbele.

Nianzie wapi ninapochagua?

Anza na nyuzi, kisha uliza kama maada itapata nafasi ya kurudi katika hali yake kila siku. Watu huanza na joto fiche, wakaridhika na tarakimu kubwa, wakasahau kwamba maada iliyoyeyuka mchana na isigande usiku haina kazi kesho yake. Maada inayoyeyuka kwenye nyuzi 22 ikiwekwa kwenye dari ya nyumba mahali ambapo usiku haushuki chini ya nyuzi 24 itayeyuka siku ya kwanza na kubaki hivyo msimu mzima. Imelipiwa, imebebwa, imefungwa, na haifanyi lolote. Kwa hiyo, kabla ya kufungua katalogi, pima joto la mahali husika mchana na usiku kwa wiki kadhaa, hasa katika mwezi mbaya kuliko yote.

Jokofu la chanjo la sola linawezaje kufanya kazi usiku bila betri?

Kwa kugandisha maji mchana. Paneli za sola huendesha mashine ya kupoozea moja kwa moja, na mashine hiyo hugandisha maji yaliyozunguka chumba cha chanjo. Usiku, au siku za mawingu, barafu hiyo huyeyuka polepole na kumeza joto linalopenya. Majokofu ya aina hii yanayokidhi viwango vya Shirika la Afya Duniani hutakiwa kuhimili angalau siku 3 bila jua la kutosha, huku chanjo zikibaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Hesabu yake inavutia. Kilo 100 za barafu humeza takriban kilojuli 33,400 zinapoyeyuka, sawa na kilowati-saa 9.3 za joto. Ikiwa mashine inahamisha vipimo 2 vya joto kwa kila kipimo 1 cha umeme, barafu hiyo imechukua nafasi ya betri yenye uwezo wa kilowati-saa 4.6 hivi. Betri za risasi na asidi huchoka baada ya miaka michache, na hali ya joto huziharakishia mwisho. Barafu haichoki. Zahanati nyingi zilizowahi kupewa majokofu ya sola yenye betri zilibaki na kabati lisilopoa pale betri zilipokufa na fedha za kununua nyingine zikakosekana, na ndiyo sababu kubwa iliyofanya mtindo wa barafu upendwe. Majokofu ya umeme wa gridi yenye kuta za barafu nayo hufuata njia hiyo hiyo, na yaliyo mazuri huridhika na umeme wa saa 8 kwa siku.

Kwa nini tunaambiwa tusiweke pakiti za barafu kwenye kasha la chanjo mara tu zinapotoka kwenye friza?

Swali hili ningependa kila mhudumu alielewe kwa kina, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Pakiti iliyotoka kwenye friza inaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu hiyo haijaanza kuyeyuka, na mpaka ifike nyuzi 0 itaendelea kuvuta joto kutoka kwa chochote kilichoigusa, chanjo zikiwemo. Chanjo za pepopunda, homa ya ini aina ya B na pentavalenti (inayokinga magonjwa matano kwa pamoja) huharibika zikiganda, na mtoto atachomwa sindano ambayo haitamkinga ilhali kadi yake inaonesha amechanjwa.

Dawa yake ni kuziacha pakiti nje mpaka, ukizitikisa karibu na sikio, usikie maji yakicheza ndani. Sauti hiyo ndogo ina fizikia kamili ndani yake: palipo na maji na barafu pamoja, joto haliwezi kuwa chini ya nyuzi 0, na litabaki hapo mpaka barafu yote iishe. Chanjo hizo huganda chini kidogo ya nyuzi 0, kwa hiyo pakiti iliyoanza kuyeyuka haiwezi kuzigandisha. Haraka ya asubuhi ya siku ya kliniki ya mkoba ndiyo adui mkubwa wa utaratibu huu, na ushauri wangu ni kuzitoa pakiti kabla ya kuanza kuhesabu chanjo na mabomba ya sindano, wala si baada yake.

Zipo pia pakiti zenye maada inayoyeyuka karibu na nyuzi 5, ambazo haziwezi kugandisha chanjo hata kidogo zikitayarishwa vizuri. Nazipenda, lakini zina hatari moja: kwa umbo hufanana sana na pakiti za maji. Kituo chenye aina zote mbili kinapaswa kuzitenga kwa rangi, na kila aina iwe na mahali pake pa kutayarishiwa, kwa kuwa pakiti ya nyuzi 5 iliyolazwa kwenye friza hutoka na ubaridi ule ule wa hatari.

Je, maada hizi ziliwahi kutumika katika mlipuko wa Ebola?

Ndiyo, tena katika eneo la wasemaji wa Kiswahili. Kati ya 2018 na 2020, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa katika mlipuko uliozikumba Kivu ya Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo. Chanjo iliyotumika ilitakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, jambo ambalo barafu ya maji haiwezi kulifanya. Ilibebwa katika makasha ya Arktek yenye kuta za ombwe, yaliyojazwa pakiti za maada inayoyeyuka mbali sana chini ya sifuri, na makasha hayo yaliweza kuishikilia baridi hiyo kwa siku kadhaa bila umeme, kwenye barabara ambazo gari hulala njiani.

Mvuvi anahitaji barafu kiasi gani, na je, kuna maada bora kuliko barafu kwa samaki?

Hakuna bora kuliko barafu. Inayeyuka kwenye nyuzi 0 ambako samaki hukaa vizuri bila kuganda, haina sumu, na maji yake yanayoyeyuka hupita katikati ya samaki na kuvuta joto kila kona. Katika nchi za joto, kanuni ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

Lakini tazama hesabu. Kumpoza changu wa kilo moja kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 0 huhitaji kilojuli 105 hivi, sawa na barafu isiyozidi theluthi moja ya kilo. Theluthi mbili zilizobaki zinapambana na joto linalopenya kwenye kuta za sanduku. Kwa maneno mengine, mvuvi anayenunua barafu nyingi zaidi kila safari analipia udhaifu wa sanduku lake. Fedha ya barafu ya wiki chache ikitumika kuongeza unene wa povu kwenye kuta na kuziba mfuniko vizuri, safari za baadaye zitapungua gharama.

Nimesikia kuhusu nta inayowatunza watoto njiti. Inafanyaje kazi?

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoteza joto haraka, na kinga ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, ile iitwayo huduma ya kangaruu. Hata hivyo, kuna nyakati mama yuko kwenye upasuaji au ni mgonjwa mno. Kwa nyakati hizo kumebuniwa magodoro madogo yenye nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 37, ambayo ndiyo joto la mwili. Mojawapo, linalopashwa kwa maji yaliyochemshwa, limefanyiwa utafiti katika hospitali za Rwanda, na hubaki na joto kwa muda wa takriban saa 6 bila umeme.

Ubora wake dhidi ya chupa ya maji ya moto ni kwamba, maadamu nta yabisi na nta kimiminika ziko pamoja, joto hushikamana na nyuzi 37. Nta ikiyeyuka yote na kuendelea kupashwa, ulinzi huo hauko tena na joto litapanda, ndiyo maana godoro halikabidhiwi mtoto mpaka kipimo chake kioneshe kwamba limeshuka.

Nikiweka maada hizi kwenye paa au kuta, nyumba yangu ya Mombasa au Dar es Salaam itapoa?

Kwa kiasi kidogo, na si katika miezi unayoihitaji zaidi. Mwezi wa Februari na Machi, usiku wa pwani hukaa karibu na nyuzi 24 au 25, na mchana hufika 32 au zaidi. Nafasi ya kuganda ni finyu: maada lazima iyeyuke karibu na nyuzi 27 au 28, na upepo wa usiku lazima upite juu yake ili igande. Pasipo madirisha yanayokabiliana, haitaganda. Ningekushauri utangulize kivuli, paa lenye rangi nyeupe, dari yenye kizuia joto na njia ya upepo. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba vya juu na viwanja vya ndani walikuwa wakihifadhi baridi ya usiku kwa uzito wa mawe, bila kuyeyusha chochote.

Nyanda za juu ni habari nyingine. Nairobi, Arusha na Iringa hupata usiku wa baridi baada ya mchana wa jua, na huko maada yenye nyuzi 22 hadi 24 inaweza kuganda kila usiku. Nyumba za mabati zisizo na uzito wowote ndizo zingefaidika zaidi.

Je, naweza kupika usiku kwa jua la mchana?

Inawezekana, na kuna majiko ya majaribio ya namna hiyo. Erithritoli, aina ya sukari inayotumika pia kukoleza vyakula, huyeyuka kwenye nyuzi 118 na hubeba kilojuli 340 hivi kwa kilo. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 huhitaji takriban kilojuli 630, kwa hiyo kilo 2 zingetosha kwenye karatasi. Jikoni hazitoshi, kwa sababu joto hupotea na, zaidi ya hapo, hutoka polepole. Wali na maharage huvumilia moto wa taratibu. Ugali wa kusonga haukubali, na unahitaji maada ya nyuzi za juu zaidi, kama mchanganyiko wa nitrati unaoyeyuka karibu na nyuzi 220, ambao ukimwagika husababisha majeraha mabaya.

Msomaji asichanganye jambo hili na mitambo mikubwa ya sola ya Ouarzazate, Moroko. Kule chumvi hubaki kimiminika muda wote, hata tangi la "baridi" likiwa na nyuzi karibu 290. Joto lake huhifadhiwa kwa kupandisha nyuzi, si kwa kubadili hali.

Maada hizi huharibika?

Kisa cha Dover, Massachusetts, ndicho kinachofundisha kuliko vyote. Mwaka 1948, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, Mária Telkes, na msanifu majengo Eleanor Raymond walijenga nyumba iliyotegemea jua pekee kwa joto la majira ya baridi. Joto la mchana lilihifadhiwa kwenye ngoma za salfati ya sodiamu yenye maji, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32.4. Mwanzoni nyumba ilipata joto vizuri. Kufikia majira ya baridi ya tatu, chumvi ilikuwa imejitenga: sehemu nzito ilizama chini, maji yakabaki juu, na kila mzunguko ukatoa joto pungufu kuliko uliotangulia. Vyombo navyo vilivuja, na hatimaye mfumo ukaondolewa. Fikra ya Telkes ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni njia ya kuizuia chumvi isijitenge, na leo huchanganywa na vitu vinavyoifanya iwe nzito kama uji ili chembe zisizame.

Tabia ya pili ni kuchelewa kuganda. Asetati ya sodiamu yaweza kupoa hadi joto la chumbani ikiwa bado kimiminika, ilhali ilipaswa kuganda kwenye nyuzi 58. Watengenezaji wa vifuko vya kupashia mikono huutumia udhaifu huu kwa faida: ukibonyeza kisahani cha chuma kilichomo ndani, kifuko chote huganda ghafla na kutoa joto. Kwenye mfumo wa kila siku, hata hivyo, kuchelewa huko ni hasara, na huondolewa kwa kuongeza chembe zinazoanzisha fuwele, kama boraksi kwa salfati ya sodiamu.

Nta hazijitengi wala hazichelewi sana, ila hupitisha joto kwa shida. Nta ikiganda kwenye ukuta wa bomba, tabaka hilo hugeuka blanketi linalozuia joto la ndani lisitoke. Ndiyo maana huwekwa mapezi ya alumini au hugawanywa katika vifuko vyembamba.

Kuna hatari gani za usalama?

Nta hushika moto, kwa hiyo isiwekwe ndani ya kuta bila kinga. Chumvi nyingi hula chuma, na kloridi ya kalisi ni hodari kwa hilo. Nta huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 10 inapoyeyuka na maji huongezeka asilimia 9 yanapoganda, hivyo chombo kilichojazwa mpaka mdomoni kitapasuka.

Mtungi wa maji ya kunywa nao unatumia kanuni hii?

Unatumia mabadiliko ya hali, ila ya kimiminika kuwa mvuke. Kila kilo ya maji inayotoka kwenye ngozi ya udongo huondoka na kilojuli 2,400 hivi, mara saba ya zile za barafu. Kwa kuwa mvuke huenda na upepo, mtungi hupoza bila kuhifadhi, na hupoza vizuri Dodoma kuliko Pemba kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu.

Nitajuaje kwamba bidhaa niliyouziwa inayeyuka kwenye nyuzi iliyoandikwa?

Igandishe yote, toboa kifuko kimoja cha majaribio, ingiza kipimajoto katikati, kisha kiweke mahali penye joto lisilobadilika, nyuzi 10 hivi juu ya ile iliyoandikwa. Andika joto kila baada ya dakika 5, kisha uyachore majibu kwenye grafu. Mstari utapanda, utalala kwa muda mrefu, kisha utapanda tena. Pale unapolala ndipo nyuzi ya kuyeyuka. Mstari usiolala popote unaonesha kwamba umeuziwa mchanganyiko hafifu. Rudia baada ya kuigandisha na kuiyeyusha mara 50, na kama ule muda wa kulala umefupika, usiweke oda kubwa.